Mint si Ubuntu iliyopakwa rangi

Wanaoshauri watu waachane na distro tanzu, yaani mifumo ya Linux iliyojengwa juu ya mingine kama Linux Mint ilivyojengwa juu ya Ubuntu, na waende moja kwa moja kwenye mifumo mama kama Debian au Arch, wana hoja nzito. Kila tabaka linaloongezeka huongeza mikono inayogusa pakeji (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) kabla haijakufikia. Manjaro, kwa mfano, iliyojengwa juu ya Arch, huzishikilia pakeji za Arch kwa muda kabla ya kuziachilia, ilhali AUR, ghala la pakeji zinazochangiwa na watumiaji wa Arch, hudhani una maktaba (misimbo inayotegemewa na programu) za Arch za leo. Matokeo yake programu hugoma kufunguka kwa kukosa toleo la maktaba. Kosa la mama nalo hurithiwa: kiraka ambacho Debian ilikitia kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, mwaka 2006 kilidhoofisha funguo za SSH za kuingilia kompyuta za mbali, na Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ikakibeba kilivyo hadi kilipogunduliwa 2008.

Ila kutoka hapo hadi kusema Linux Mint ni Ubuntu yenye sura nyingine ni kuruka mbali mno. Tazama kivinjari cha Chromium. Katika Ubuntu 20.04, pakeji ya chromium-browser ilibaki ganda: ukiisakinisha kwa apt, amri ya kawaida ya kusakinisha pakeji, inavuta snapd, programu inayoendesha pakeji za aina nyingine ziitwazo Snap, kisha kivinjari chenyewe kinashuka kutoka duka la Snap la Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu. Aliyeandika apt akapewa kitu kingine bila kuulizwa. Mint 20 ilijibu kwa faili fupi, /etc/apt/preferences.d/nosnap.pref, linaloipa snapd kipaumbele cha -10. Kikishuka chini ya sifuri, apt haisakinishi. Anayeitaka Snap hulifuta faili hilo, akaendesha sudo apt update, basi.

Kukataa kulikuwa kazi ya dakika. Mzigo ulikuja baadaye, kwa sababu pakeji uliyoikataa lazima uijenge mwenyewe. Toleo moja la Chromium lilikula zaidi ya saa 6 kujengwa, mpaka Mint ilipotenga seva yenye prosesa ya Ryzen 9 na RAM ya GB 128, ndipo muda ukashuka hadi saa moja na ushee. Na hiyo si kazi ya mara moja: matoleo mapya hutoka kila baada ya wiki chache, viraka vya usalama vikiingia katikati, na kila kimoja kinadai kujengwa upya, kujaribiwa, kusambazwa. Ukichelewa, watumiaji wako wanavinjari na tundu linalojulikana na kila mtu. Kwa hiyo timu ndogo huchagua mambo machache sana ya kukataa.

Hicho ndicho kipimo cha distro tanzu: inajenga nini yenyewe? Endesha apt policy chromium uone pakeji inatoka ghala gani. Kama kila kitu kinatoka kwa mama na kilichobadilishwa ni picha ya mezani, sakinisha mama.

Mint imekwenda mbali zaidi. Inatunza LMDE (Linux Mint Debian Edition), iliyojengwa juu ya Debian yenyewe, ili Ubuntu ikizimika au ikigeuka kusikovumilika, kazi iendelee. PPA, yaani ghala za ziada za pakeji nje ya ghala rasmi, hazifai humo, kwa kuwa zimejengwa kwa ajili ya Ubuntu. Anayezitegemea abaki kwenye Mint ya kawaida.