Tuache Kumcheka Aliyetiliwa Mchele

Hapa Nairobi ukisema fulani "alitiliwa mchele", meza nzima inaangua kicheko kabla hujamaliza. Huo si mchele wa Mwea. Ni dawa ya usingizi iliyopondwa ikawa unga, ikatiwa kwenye glasi mwenyewe akiwa msalani au akiwa amegeuka kutazama mpira. Na kwa kuwa kisa mara nyingi ni cha mwanamume aliyekutana na mrembo, tumekigeuza utani. Mimi pia nilikuwa nacheka, hadi zamu ilipomfikia rafiki yangu wa tangu shule ya upili.

Aliamka saa nane mchana katika lojing moja Ngara, kiatu kimoja mguuni, askari akigonga mlango: "Mzee, muda wako umekwisha." Simu haipo. Aliporudisha laini yake akakuta karo ya watoto imehamishwa yote, na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imekopwa hadi senti ya mwisho. Bia ya pili aliikumbuka. Ya tatu hakujua hata nani aliileta.

Kituoni, ofisa wa zamu alimuuliza swali moja tu: "Ilikuwa pishori ama sindano?" Foleni nzima ikacheka, maana hizo ni aina mbili za mchele. Jamaa akageuka, akaenda zake bila kuandikisha chochote.

Sheria yenyewe haina mzaha. Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kifungo cha maisha kwa anayemlevya mtu dawa ili atende uhalifu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inatoa miaka isiyopungua 10 ikiwa nia ilikuwa ngono. Lakini nani atashtakiwa ikiwa mume wa watu anaogopa kuulizwa nyumbani alikuwa wapi? Msichana naye ataulizwa alivaa nini. Wezi hawa wanaitegemea aibu yetu kuliko wanavyoitegemea dawa.

Na kusitasita kuna gharama. Dawa nyingine, kama GHB, huisha kwenye mkojo baada ya takriban saa 12. Ukingoja Jumatatu, ushahidi umekwenda. Nenda hospitali kwanza, omba wachukue mkojo na damu. Kama kuna shaka ya kubakwa, dawa za kuzuia VVU zianzwe mapema, kabla saa 72 hazijapita.

Tulipoketi kuurudia usiku ule polepole, rafiki yangu alikumbuka jambo: bili ya kwanza aliilipa pale pale mezani, simu mkononi, dada amemwegemea begani. Namba ya siri ilikuwa imeshasomwa. Dawa ilikuja baadaye, kukamilisha kazi. Tangu siku hiyo mimi hutoka na laini ya pili yenye pesa za jioni hiyo tu. Chupa yangu ifunguliwe nikiiona. Nikienda msalani, kilichobaki si changu tena, hata kama ni bia ya shilingi 350 (na inauma, sitasema uongo).

Ila mtu hawezi kujilinda akiwa tayari amezimika. Hapo anahitajika mwenzake aliyeagiza soda na anayejua hesabu. Mtu wa bia sita akilegea ulimi baada ya mbili, huyo hajalewa. Msimlaze peke yake chumbani: mlazeni ubavu, msikilize anavyopumua, mpelekeni kwa daktari. Na yule rafiki mpya anayesema "mwacheni, nitamfikisha mimi", huyo ndiye wa kutiliwa shaka kwanza.

Wiki mbili baadaye rafiki yangu alirudi kwenye ile baa, akamkuta mhudumu yule yule. "Tulikuona, kaka," akamwambia. "Ulikuwa umeshikwa huku na huku. Tulidhani ni pombe tu. Hata mlinzi ndiye aliyewafungulia mlango wa teksi."