Muulizeni mgonjwa habari za mbuzi wake

Ukiingia zahanati na homa, majibu unayajua hata kabla hujatobolewa kidole: malaria, taifodi au UTI. Siku mbaya unaandikiwa zote tatu.

Mwaka 2007 hadi 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Waliokuwa wanaumwa malaria kweli? Asilimia 1.6. Na kati ya waliopimwa homa ya Q, ambayo wengi wetu hata jina hatujawahi kulisikia, asilimia 5 walikutwa nayo.

Homa hiyo inaletwa na bakteria aitwaye Coxiella burnetii, anayekaa kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mnyama akizaa au akitupa mimba, kondo la nyuma linakuwa limejaa bakteria hao. Kondo likikauka zizini wanabaki kwenye vumbi, nawe unawavuta puani huku unamsaidia mbuzi kuzaa. Wengi hawaugui kabisa, na wengi wa wanaougua hupona.

Balaa liko kwa mwenye valvu mbovu za moyo (vile vilango vya kupitisha damu), na kwetu watu hao si haba. Tonsesi za utotoni zisipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, inayoacha makovu kwenye valvu. Coxiella hujishikiza hapohapo. Mtu anakonda, usiku analowa jasho, kilima alichokizoea kinamshinda, na kila akipimwa anaambiwa malaria haionekani. Hali hiyo huweza kwenda miezi mingi, na isipotibiwa inaua.

Hata maabara ikiotesha damu yake, Coxiella haoti kwenye chupa za kawaida, kwa kuwa anahitaji seli hai. Anasakwa kwa kupima kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi yake, na hakuna daktari atakayeagiza kipimo hicho kama hajui mgonjwa anafuga. (Wapo bakteria wengine wa moyo wanaoota vizuri tu, ila vidonge tulivyomeza kutoka duka la dawa vinawaficha. Hilo ni kosa letu wagonjwa.) Dawa zenyewe si ngeni: doksisaiklini na haidroksiklorokwini, japo kwa miezi isiyopungua 18.

Kwenye kadi tunaulizwa dini, kabila na simu ya ndugu wa karibu. Mstari mmoja wa mifugo ungekosa nafasi?