Herufi Hewa

Mimi ni mtembeza wageni hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, na jioni mbili kwa wiki huenda darasani kujifunza Kifaransa. Ada nimelipa taslimu. Kinachoniuma ni kwamba nimelipia na herufi zisizokwenda kazini.

Neno letu "wanaongea" lina silabi tano, kila moja inaishia kwenye irabu, na mkazo umekaa kwenye "nge", ya pili kutoka mwisho, bila kumsumbua mtu. Kwa Kifaransa ni "parlent". Nililisoma kwa uadilifu wote, "pa-rle-nti", na mwalimu akafumba macho kama mtu aliyeuma ndimu. Kumbe ni silabi moja tu, "parl", sawa kabisa na "parle" na "parles". Hiyo -ent imo kwenye orodha ya mishahara, lakini ofisini haijawahi kuonekana.

Mke wangu, aliyekuwa akinisikia nikirudia, aliuliza: "Baba Salma, ni mtu mmoja anayeongea au wengi?" Nikamjibu kwamba kwa sikio hajulikani. Afadhali "aimer", kupenda: mmoja, "il aime", ni "i-lem"; wengi, "ils aiment", ni "il-zem", kwa kuwa ile s ya "ils" iliyolala huzinduka ikiona irabu, ikavaa sauti ya z na kurukia silabi ya jirani.

Mkazo wa Kifaransa nao hupenda mwisho. Katika "appelle", anaita, unaangukia shina, nalo linanenepa kwa l mbili. Katika "appelons", tunaita, unahamia -ons, shina linakonda, na ile e ya katikati humezwa, ukabaki na "a-plon". Kwetu "soma" ikiwa "someni" mkazo huhama pia, ila hatujasikia o ikilalamika. Tena "acheter", kununua, haizidishi herufi, huvaa kofia, yaani kialama juu ya e: "achète". Mwaka 1990 Wafaransa walipendekeza vitenzi vya aina hiyo vivae kofia vyote, isipokuwa "appeler", kuita, na "jeter", kutupa, na jamaa zao. Yaani kile cha kuita, ninachokihitaji kila siku, ndicho kilichosamehewa.

Juzi, nikiwa nimekwisha kukariri kwamba -ent haitamkwi, nilimsoma rais, "président", nikaishia "prezid". Nikaambiwa kwamba likiwa nomino, mwisho hutamkwa kwa puani; likiwa kitenzi, "ils président", wanaongoza kikao, hunyamaza. Nikauliza nitajuaje. Mwalimu akasema nielewe kwanza maana ya sentensi, ndipo niisome kwa sauti. Nami nilikuwa naisoma kwa sauti ili anieleze maana yake.