Tusichoronge kwa mkumbo

Nikiwa darasa la sita, baba mdogo alichimba kisima cha maji nyuma ya nyumba yetu, Msimbati. Maji yalipoanza kujaa akataka kina zaidi, akawa anayachota mbio mbio kwa ndoo. Mchanga ukaanza kuchuruzika ukutani, mwembamba kama unga kwenye chekeche, halafu ukaja kwa mapande. Tulimvuta kwa kamba. Maji aliyokuwa akiyafukuza ndiyo yaliyokuwa yameshikilia kuta.

Nakikumbuka kisima kile kila nikisikia vijana wa fani yetu wakitaka visima vya gesi huku kusini vichorongwe kwa mgandamizo wa chini, yaani mdogo kuliko wa gesi iliyomo mwambani, eti kwa sababu ndiyo teknolojia ya kisasa.

Hoja yao ina uzito, sikatai. Kawaida tope la kuchorongea, lile linalojaza kisima wakati wa kuchoronga, hufanywa zito ili likandamize kuliko gesi iliyomo mwambani. Maji matupu tu, yakisimama mita 2,000, hukandamiza kwa karibu baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo), na tope ni zito zaidi. Gesi hutulia, lakini majimaji na chembe za tope huingia kwenye vinyweleo vya mwamba na kuviziba. Ukitumia povu, au tope lililotiwa naitrojeni, mgandamizo ukawa chini ya ule wa mwamba, gesi hutoka huku mnachoronga, keekee, yaani meno ya kuchorongea, hukata upesi na mwamba hauchafuki. (Naitrojeni, si hewa: hewa ikikutana na gesi kule chini yaweza kuwaka.)

Gesi ya Mnazi Bay, huku kwetu Mtwara, iligunduliwa 1982, na kwa miaka mingi sasa inachotwa. Mwamba unaochotwa gesi hupungua mgandamizo, na tope lililoufaa zamani huja kuulemea. Kwenye kisima cha namna hiyo nitawasikiliza kwa masikio mawili.

Ila nataka kwanza mgandamizo uliopimwa sasa, si wa kwenye ripoti ya zamani. Nataka kipande cha mwamba wenyewe kipelekwe maabara, kipitishiwe tope, tuone kinapoteza kiasi gani cha uwezo wake wa kupitisha gesi. Kama uchafu unaishia karibu na ukuta, matundu yanayotobolewa kwa baruti baadaye yataupita, na gharama yote ya mitambo ya naitrojeni haina kazi. Tabaka la udongo laini nalo likiwa njiani, tutarudi kwenye kisima cha baba mdogo, safari hii kwenye giza la mita elfu mbili ambako hakuna kamba ya kumvuta mtu.

Kinachoniuma zaidi ni siku ya mwisho. Tope la kawaida huacha utando ukutani unaozuia lisiendelee kupenya. Kwa mgandamizo wa chini utando huo haupo. Mkimaliza vizuri, kisha mkakizima kisima kwa tope zito ili mshushe mabomba, linaingia mwambani bila kizuizi, na mnaweza kuuharibu kuliko kama mngechoronga kwa njia ya kawaida tangu mwanzo.

Juzi mdogo wangu mmoja wa kazini aliniuliza, "Sasa kaka, wewe ungekubali kisima gani?" Nikamwambia: kilichochoka mgandamizo, chenye mwamba mgumu usiomomonyoka, na bajeti ya kukiweka kwenye mgandamizo huo wa chini mpaka bomba la mwisho lishuke. Akaanza kuvihesabu kwa vidole visima anavyovijua, akaishia kwenye kimoja.