Kupandisha kizingiti hakutoshi

Masika ikikaribia, kwenye mabonde ya Ng'ambo, mjini Unguja, mafundi huitwa kupandisha vizingiti kwa kozi mbili tatu za tofali. Simlaumu mwenye nyumba, maana maji yakishaingia ndani godoro haliponi. Lakini maji uliyoyazuia wewe yanakwenda kwa jirani wa chini, naye mwakani atapandisha chake. Uchochoro uliokuwa njia ya maji ukishazibwa kwa ukuta, mtaa mzima unafurika.

Anzeni na paa. Bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Tangi la lita 2,000 halimalizi kazi, ila linapunguza. Shimo la kunywesha maji ardhini linafaa penye mawe ya matumbawe; kwenye udongo wa kinamo hujaa likabaki hivyo hivyo. Pimeni kwanza: chimbeni sentimita 30, jazeni maji, yakinywewa jazeni tena, mtazame kwa saa moja. Yakishuka pungufu ya sentimita 2 na nusu, msitupe fedha. Rudieni kipimo hicho wakati wa masika, kwani maji ya ardhini hupanda, na shimo linalonywa Januari linaweza kukataa Aprili. Liwe mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi, na mbali kabisa na kisima. Mfuniko wa karo la choo nao upandishwe juu ya alama ya mafuriko. Kipindupindu tunakijua hapa Unguja.

Unabaki mtaro, na huo ni wajibu wa serikali. Barua ya "tunaomba msaada" hulala kwenye faili. Ombeni jambo moja: kalvati lipi, limejaa mchanga kiasi gani, lisafishwe kabla ya mwisho wa Februari. Alama ya maji ipakwe rangi ukutani pamoja na tarehe, ipigwe picha na futi ya kupimia pembeni. Barua ipite kwa sheha, nakala kwa diwani na mkuu wa wilaya, na kila ofisi igonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Bila ya muhuri mtaambiwa haikufika. Ulizeni mapema mtaro ni wa nani, kwani ule wa barabara kuu huenda si wa manispaa.

Kweli, taka tunatupa sisi wenyewe, na tabia hiyo tuiache. Lakini baraza la manispaa linalotoza ada haliwezi kujificha nyuma ya taka hizo, wala kuleta vibarua Aprili maji yameshajaa. Matope yakirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inayarudisha mtaroni, kwa hiyo gari ya kuyabeba siku hiyo hiyo iandikwe ndani ya barua.