Ukiniuliza Hali ya Hewa, Niulize na Saa

Mdogo wangu hunipigia simu kila Jumapili, na swali lake la kwanza baada ya salamu huwa ni lile lile: "Kaka, leo huko kukoje?" Miaka ya mwanzo nilimjibu kama tulivyozoea nyumbani, kwamba kuna jua au kuna mvua. Siku hizi namuuliza, "Saa ngapi?" Yeye hucheka akidhani natania, kumbe sina jibu la kweli kuliko hilo la kumpa mtu anayeishi karibu na ikweta kuhusu anga la kijiji hiki cha baridi, kilicho nyuzi 57 kaskazini.

Wengi wetu tuliohamia nchi za baridi tunalilaumu anga la huku kwamba ni kigeugeu lisilo na mpango. Nami nililalamika hivyo kwa muda mrefu, lakini sasa sikubaliani tena na lawama hiyo. Kwetu tumelelewa kuisoma hewa kwa miezi: kaskazi ikivuma tunajua tuko wapi katika mwaka, kusi ikishika tunajua kinachofuata, na hata mvua isipokuja tunasema imechelewa, kwa kuwa ina wakati wake unaojulikana. Huku utaratibu upo vilevile, ila unakwenda kwa saa, na mtu asiyetazama mawingu hawezi kuuona.

Namna wingu linavyozaliwa nilijifunza kwa pumzi yangu mwenyewe. Asubuhi moja sakitu ilikuwa imeyafanya majani yakatike kwa mlio chini ya viatu. Nilipohema, wingu dogo kama ngumi lilitoka kinywani, likaelea hadi kwenye ua wa jirani, likatoweka. Hewa ya nyuzi 30 za selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila mita ya ujazo, ilhali hewa ya nyuzi 5 haifikishi hata gramu 7. Ndiyo maana unyevu kidogo tu, ambao kwetu hakuna ambaye angeutambua, huku unatosha kujaza bonde zima ukungu baada ya usiku usio na mawingu wala upepo.

Hilo ndilo linaloeleza pia kwa nini mawingu ya huku yanakaa chini mno. Hewa inayopanda hupoa, na kwa kila nyuzi moja inayotenganisha joto la hewa na kiwango ambacho umande huanza kujitunga, kitako cha wingu hupanda kiasi cha mita 125. Kwetu mchana tofauti hiyo ikiwa nyuzi 8, wingu huanzia mita 1,000. Hapa mara nyingi ni nyuzi 2, basi wingu huanzia mita 250 na kilima kilicho nyuma ya nyumba hupotea chote. Wazee wa hapa hutazama kilima hicho kabla ya kutazama simu, nami nimewafuata, kwa sababu picha moja ya jua na wingu inayowekwa kwenye simu kuwakilisha siku nzima ni udanganyifu mtupu mahali ambapo siku moja ina hali nne.

Badiliko kubwa zaidi hutokea pale hewa ya vuguvugu inapoipanda hewa ya baridi. Wanasayansi wa Bergen, nchini Norway, waliupa mpaka huo jina la mstari wa vita, kwani Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa bado vibichi akilini mwao. Kwanza huja sirasi, nyuzinyuzi nyeupe za barafu zilizo juu sana. Kisha utando mwembamba unaoliwekea jua duara. Halafu anga hugeuka kijivu, jua likaonekana kama kupitia kioo chenye ukungu, na baada ya saa kadhaa mvua hushuka. Niliwahi kuanika mablanketi siku ya jua zuri, nikiwa nimeliona duara hilo na kulisifia uzuri wake. Jioni niliyaanua yakiwa yanachuruzika maji, na nilikuwa nimeonywa tangu saa tatu asubuhi.

Pamoja na hayo, nakiri kwamba kwa jambo moja anga letu linalishinda la huku. Kwenye tropiki mawingu ya radi yanaweza kukua hadi kilomita 16, na huku dari lao kwa kawaida halizidi sana kilomita 10. Wingu la kwetu unaliona likijijenga toka mbali, jeupe juu na jeusi chini, na mvua yake ina ukingo unaoonekana ukija, ukapata nafasi ya kukimbia kuanua nguo. Mvua ya huku haina ukingo. Unagundua tu kwamba tayari umelowa.