SUZA au Mikocheni? Binti wa Wete na ofa zake mbili za habari

Mtoto wa dada yangu, wa Wete, kapata ofa mbili za digrii ya habari, moja SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hapa Unguja, na nyengine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ile Shule Kuu ya Uandishi wa Habari iliopo Mikocheni. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanataka uthibitishe chuo kimoja tu kwa namba ya siri wanayokutumia kwenye simu, na muda wenyewe si mrefu, kwa hivyo tangu juzi nyumba nzima imo kwenye mjadala. Dada anasema SUZA, shemeji anasema Dar, na yeye mwenyewe kanipigia usiku, "mjomba wewe ndo ulokaa redioni, nambie niende wapi." Ni kweli nimekaa redioni miaka kumi na moja, na najua wapo wengi wana watoto kwenye hali hii hii, ndo maana naandika.

Kwanza hili la jina kubwa. Shemeji hoja yake yote ni kwamba UDSM inajulikana hadi nje. Sawa, lakini mimi sijamuona edita akiuliza cheti chako kimetoka chuo gani pale unapomletea stori saa kumi na moja na nusu na bulitini ni saa kumi na mbili, anaisikiliza sauti, anatizama kama umempata mtu anaehusika, basi. Cheti kinatizamwa siku ya kuajiriwa, hasa serikalini, na hapo digrii zote mbili zinatambuliwa. Mimi suali langu ni wapi atashika maiki mara nyingi zaidi ndani ya hiyo miaka mitatu.

Na hapo lazma niseme ukweli, Dar ina nguvu. Skuli ile ndo iliokuwa TSJ zamani, Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, ikaingizwa chuo kikuu 2003, na pale wana Mlimani TV na Mlimani Redio, mwanafunzi mwenye bidii anaweza kufanya kazi inayokwenda hewani kweli, watu wakasikia, wakapiga simu kulalamika kwamba jina la kijiji chao limetamkwa vibaya. Hilo la kulaumiwa na msikilizaji linafunza kuliko mtihani. Khalafu ukitoka nje ya geti, Mikocheni hiyo hiyo wapo ITV na Redio One, wapo Clouds, kwa hivyo fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, na kazi za mkono mkono haziko mbali. Huku kwetu ukiitoa ZBC, shirika la utangazaji, na gazeti la Zanzibar Leo, ambazo zote za serikali, zinabaki redio binafsi chache na redio za jamii, na nyingi katika hizo kijana anajitolea muda mrefu bila mshahara, anapewa nauli tu, na siku nyengine hata nauli hakuna. Sisemi kwa kuvunja moyo, nimewafunza kazi vijana wazuri sana wakaishia kuuza vocha.

Lakini sasa nije upande wa pili, ambao wengi hawaufikiri kabisa.

Habari si jambo la Muungano. Bara wana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, huku kwetu magazeti yaliwekewa sheria yake 1988 na utangazaji ukawekewa yake 1997, ndo ikaja Tume ya Utangazaji, na kelele za kutaka sheria mpya waandishi wa Zanzibar wamezipiga miaka na miaka. Mtu akisoma Dar ataijua ile ya 2016 kifungu kwa kifungu, akirudi hapa anakuta nyumba nyengine. Tuliwahi kumpokea kijana hodari, kasoma bara, wiki ya pili kaandika skripti nzima kuhusu gazeti la hapa akitumia sheria isiyofanya kazi hapa, na ilikwenda hewani hivyo hivyo kwa sababu na sisi tuliopitisha hatukuwa makini, ikabidi tusahihishe kesho yake.

Na si sheria tu. Ile 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa ZEC, Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, alipotangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar, simu hazikukatika, watu wanauliza vipi kura ya Rais wa Muungano iliopigwa kituo kile kile siku ile ile imebaki na ya Rais wa Zanzibar imefutwa. Kumjibu mtu suali hilo kwa dakika mbili, kwa utulivu, bila kumuongezea hasira, inataka uijue Katiba ya Zanzibar ya 1984 na uzijue tume mbili za uchaguzi, ya Zanzibar na ya Taifa, kila moja na kazi yake, na tena uwajue watu unaozungumza nao. Kwa hilo SUZA naipa nafasi kubwa, maana ndani yake kimeingizwa kile Chuo cha Uandishi wa Habari Zanzibar kilichokuwa Kilimani, wenzangu wengi kazini walipita pale, na kule chumba kizima mnaishi ndani ya mambo hayo hayo.

Dada yangu hoja yake ni nyengine, anasema mtoto wa kike asende mbali. Khofu yake naielewa na siidharau, ila nilimuuliza, dada, kwani Tunguu, iliko SUZA, iko Wete? Mtoto wa Pemba akisoma SUZA pia anapanda boti, pia analala dakhalia, pia anaumwa homa mama yake hayupo. Tofauti ya kweli ni mimi, nyumba yangu Mwanakwerekwe, Ijumaa atakuja kula na mwisho wa mwezi akikwama ana pa kugonga mlango. Dar hosteli ziko Mabibo na Mlimani, Mikocheni ni kwenda na kurudi kwa daladala, na mtu wa kumgongea mlango hatuna. Kwa hivyo kitu kinachoamua zaidi ni pesa. Ofa ya chuo na mkopo ni vitu viwili mbali mbali, mkopo unauomba peke yake kwenye bodi ya mikopo, na wapo waliokwenda na ofa mkononi wakarudi muhula wa kwanza haujesha.

Mimi nnavoona, mkopo ukitoka aende Dar, na nasema hivyo nikijua tunampeleka mbali na mambo anayoyapenda. Yeye anataka kutengeneza vipindi vya akina mama wanaolima mwani, anataka siku moja arudi Radio Jamii Micheweni, na lafudhi yake ya Kipemba ndo ufunguo wake, wale mama hawamfungulii moyo mtu anaewauliza kama karani wa sensa. Lakini ufundi wa kukata sauti, kupanga kipindi, kufanya kazi chini ya presha, hayo naona Mikocheni atayapata haraka zaidi, na fildi aje kufanya Pemba, sio Clouds, hata wenzake wamshangae. Mkopo usipotoka, SUZA, na aingie kifua mbele, siku za mapumziko nitamtafutia mimi mwenyewe pa kujitolea.

Ila kuna jambo moja sikulijua na nimeona tukaliulize kabla, wanafunzi wangapi wanagawana kamera moja, na mwaka wa kwanza wanaigusa au wanaichora ubaoni. Dar kampata mtu wa mwaka wa pili, atamuuliza kwa simu. Ya huku tutakwenda wenyewe, kesho kutwa anashuka na boti, tukitoka Malindi moja kwa moja Tunguu, na ile namba ya siri nimemwambia asiiguse mpaka turudi.